Mama Subiri na Kabati la Vyombo vya Chai

Baada ya miaka thelathini na minne katika maabara yetu, fundi wetu mkuu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina lake la kwenye faili wengi tumelisahau. Sisi tunamwita Mama Subiri, maana ndilo jibu lake kwa kila mwenye haraka, awe daktari bingwa au fundi feni.

Kazi yake ni kukata vipande vya uvimbe vilivyohifadhiwa kwenye nta, vyembamba kuliko ganda la kitunguu, na kuvitia rangi ili visomwe kwa hadubini. Miaka kumi iliyopita tuliamriwa kutupa vipande vyote vya zamani ili kupata nafasi. Mama akasema subiri. Vile vya saratani moja adimu, inayompata mgonjwa mmoja au wawili kwa mwaka, akavificha kwenye kabati aliloliandika "Vyombo vya chai". Mgeni mmoja aliyefungua humo akitafuta kikombe hajanywa chai kwetu tena.

Daktari wetu alipotaka kujua kama protini za uvimbe zinaweza kutabiri saratani hiyo itamrudia nani, vipande hamsini na nane vilitoka kabatini. Majibu ya kwanza yalitisha: protini moja iliyoshukiwa kuwa ya hatari, ambayo huonekana kwa kushika rangi, ilijaa kila mahali. Daktari alikuwa keshaanza kuandika ripoti. Mama akasema subiri, kwani hata nyama isiyo na ugonjwa ilikuwa imeshika rangi. Alirudia vyote, siku nne nzima. Rangi ilikuwa imeachwa muda mrefu mno, na aliyeiacha ni mimi, nikipiga soga kwenye simu. Yeye aliandika "tumekosea", basi.

Baadaye sana ndipo tulipojua kwamba kipande namba 27 kilikuwa cha mdogo wake wa kike, aliyetibiwa akapona, lakini kwa miaka tisa akaogopa kila maumivu. Mama hakusema, asije mtu akakisoma kwa huruma. Zile siku nne nilizompa bado zinaniuma.

Majibu sahihi yalipotoka, namba 27 haikuwa na protini ile. Siku hiyo Mama Subiri alitoka mbio na aproni yake, bila kuaga.

Leo mdogo wake amekaa mstari wa mbele. Asante, Mama, kwa mikono yako na kwa ukaidi wako. Tunakuombea afya, furaha na asubuhi zisizo na saa ya kuamsha. Ila kabla hujavua koti, subiri. Hatujamaliza kukupigia makofi.