Kimotho na Kituo Kilichobaki na Mtu Mmoja

Baada ya miaka ishirini na saba katika kiwanda chetu cha chai hapa Konoin, Hezekiah Kimotho, mtu wa kompyuta, anastaafu tarehe 28 Novemba 2025. Sisi wa jikoni hatukudhani atafika. Mtu anayeacha chai ipoe ndipo ainywe ana shida mahali.

Alitoka Nyeri na viatu vya ngozi vyenye ncha, katikati ya mvua. Matope yalivimeza siku hiyo hiyo. Kipsigis chake, lugha ya huku kwetu, mpaka leo ng'ombe wakikisikia wanageuka, lakini anakiongea bila aibu.

Kazi yake ni ile programu iliyoandikwa kwa Perl, lugha ya zamani ya kompyuta, inayopokea kilo za majani kutoka vituoni wakulima wanakopimia chai. Vijana wa ofisi huiita programu ya mababu. Habari hizo huja kwa XML, na XML, vile alivyotueleza jikoni, ni kikapu ndani ya kikapu: kiwanda kina vituo, kituo kina wakulima, mkulima ana kilo zake.

Mwaka jana ilimtoa jasho. Kule juu karibu na msitu wa Mau, majirani wa mjane Rebeccah Chepkemboi waling'oa chai wakapanda viazi. Akabaki mkulima peke yake kituoni. Kompyuta ikaonyesha kituo hakina kitu, na meneja akasema lori la kubeba majani lisipande huko tena. Rebeccah akaja mpaka dirishani kwa Kimotho.

"Kimotho, nimekufa na hamkunialika matanga?"

"Pole, mama, ni mashine."

"Na mashine ni mtoto wa nani?"

Kimotho akaingia kazini, hakunyoa mpaka tukaanza kumwogopa. Kumbe wakulima wakiwa wengi, mashine iliwaleta ndani ya kikapu. Akibaki mmoja, ilimtoa kikapuni, ikamleta mkononi. Programu ilijua kutafuta kikapu tu, ikampita mama wa watu kama kisiki. Kimotho akaiamuru: hata mkulima awe mmoja, aletwe na kikapu. Rebeccah akatokea na kilo zake zote, na Kimotho akaenda mwenyewe kwa meneja kusema kosa ni lake.

Safari ya lori haikukatwa. Mwaka huu majirani wawili wameona lori bado linapanda, wameacha viazi, wamerudi kwa chai.

Asante, Kimotho. Nenda nyumbani ukae vizuri, ng'ombe wako wazae jike, magoti yasikusumbue. Na chai, tafadhali, uinywe ikiwa moto.