Mama Apolline Nizigiyimana (1957–2024), laboranti aliyefuta neno "kama"

Ndugu, jamaa na marafiki mliokuja kutusindikiza, aksanti. Familia imenipa mimi, Josée, mkwe wa marehemu, kazi ya kusoma maisha yake. Nasoma kwa majonzi, lakini kichwa nimekiinua, maana yeye hakupenda mtu anayesoma akiangalia miguu yake.

Mama Apolline alizaliwa Nyakabere, uwanda wa Ruzizi, tarehe 9 Juni 1957, mtoto wa pili wa wakulima wa mpunga. Alisoma kwa masista, akapata diplome ya laboranti mwaka 1979. Wasichana darasani walikuwa wawili, na mwenzake aliolewa kabla ya mtihani.

Kwa miaka thelathini na nane alitumikia maabara ya kituo cha afya hapa Uvira. Msaidizi akiandika katika rejista "chembe nyeupe kama elfu sita", alirudishiwa daftari lake. "Kama ni nini? Weye ulihesabu ao uliota?" Aliowafundisha wamejaa hapa leo, na neno hilo wanaliogopa hata sasa.

Tarehe 25 Aprili 1981 alifunga ndoa na mwalimu André Irankunda, aliyemtangulia mwaka 2009. Mungu aliwapa Havyarimana, ambaye ni mume wangu, Pudentienne na Lionel.

Sasa niseme jambo ambalo wengi mnalijua kwa kunong'onezwa. Mimi na Havyarimana tulizika watoto wawili, mmoja mwaka 2010, mwingine 2013. Wote walianza na tetekuwanga, ugonjwa ambao watoto wa jirani walipona wakicheza. Maneno ya karuho, ile sumu ya siri, yakaanza: mke analisha watoto sumu. Mwaka 2015 Arakaza, mtoto wetu wa tatu, alipougua vilevile akaponea chupuchupu, wazee walipanga kunirudisha kwa wazazi wangu Makobola, na mtoto abaki.

Mama Apolline aliomba wangoje. Alikuwa amehesabu chembe za wajukuu wote watatu, na hesabu ya kawaida haikuonyesha kitu. UKIMWI haukuwepo. Akamwendea daktari mtafiti aliyekuwa akipita kutoka Bujumbura, na damu yetu wanne ikapelekwa ng'ambo: ya Arakaza, ya Havyarimana, yangu, na ya kwake mwenyewe. Hakuna aliyemwomba atoe ya kwake. Jibu lilichukua miezi kumi na moja. Miezi hiyo yote nilikuwa na nguo zangu ndani ya mfuko.

Tarehe 24 Septemba 2016 familia ilikutana. Mama alisoma karatasi ya Kifaransa, akatafsiri neno kwa neno: "Mu damu ya Arakaza, wauaji wa asili iko wachache sana."

Baba mdogo Bigirimana, ambaye yuko hapa na atanisamehe, aliruka kutoka kwenye kiti. "Tulisemaka! Wauaji iko mu hii famille! Taja majina!"

Mama alivua miwani. "Bigirimana, ikala. Ni chembe za damu. Ni sentineli wa mwili. Inaona chembe yenye virusi iliingia, inaiuwa, haingoye mutu aitume. Mutoto hana sentineli wa kutosha."

Akaeleza kwamba mwili hutengeneza walinzi hao kwa kufuata maagizo yanayoitwa jeni, na kila mtu hupewa nakala mbili, ya baba na ya mama. Nakala moja ikiharibika, mwili unasoma nyingine. Arakaza alipewa mbili zilizoharibika.

"Moja imetoka kwa Josée," alisema. "Ingine Havyarimana aliipata kwangu minye. Mukifukuza Josée, mufukuze na minye."

Jioni hiyo nilifungua mfuko, nikatundika nguo zangu. Tangu hapo Arakaza anakunywa dawa ya kuzuia virusi asubuhi na jioni, na bibi yake ndiye aliyehesabu vidonge. Mwaka huu yuko darasa la nne.

Presha ilimwangusha Mama mwezi Januari. Aliaga dunia Jumapili tarehe 3 Machi 2024, watoto wake wakimzunguka. Siku chache kabla, alimwita Pudentienne waandike orodha ya familia kwa programu hii ya mazishi. Pudentienne aliniweka kati ya wakwe. Mama alikataa. Pudentienne akaandika: "Josée, kama mtoto wake."

Mama akaomba kalamu.

Ameacha watoto wanne: Havyarimana, Pudentienne, Lionel na Josée, na wajukuu sita, Arakaza akiwa wa kwanza kwa umri. Mungu ampokee kwa hesabu kamili, apumzike.