Ukuta Mbichi Anaouacha Mzee Mughwai

Mzee Mughwai, fundi mwashi wa kituo chetu cha afya, anastaafu leo, tarehe 31 Januari 1996, baada ya utumishi wa miaka ishirini na minane. Anaondoka amechoka, wala hafichi. Sisi tunaobaki tumechoka pia, maana idara yake ya matengenezo inafungwa na kazi zake watapewa makandarasi. Kwa hiyo mtuwie radhi kama sherehe hii, pamoja na pilau yake, itakuwa na ukimya kidogo.

Alianza kama kibarua wa kuchota maji, akajifunza mwiko na timazi hadi akawa fundi. Sehemu kubwa ya utumishi wake ilikuwa enzi za kununua vitu kwa vibali, tulipokuwa tukihangaikia saruji kama wagonjwa wanavyohangaikia dawa. Bafu lilipigwa lipu, likapakwa chokaa, basi. Biashara ilipofunguliwa, maduka ya Singida mjini yakajaa vigae vya kila rangi. Tulikuwa tumevisubiri miaka mingi, na vilipofika hakuna aliyetaka kusubiri tena hata wiki.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1992 katika bafu la wodi ya wazazi. Wafadhili walikuwa njiani na lipu ilikuwa bado mbichi. Uongozi ukaagiza majiko ya mkaa yawashwe humo ndani, Mzee akatii, akabandika vigae kwenye ukuta wenye joto. Wageni walisifu sana. Mvua hazijaisha, vigae vikaporomoka pamoja na lipu yake, na kimoja kikamkata mguu mama mmoja aitwaye Jenipher, aliyekuwa ametoka kujifungua. Mzee aliokota vipande peke yake, hakutaka msaada wa mtu. Alipokwenda wodini kumpa pole, Jenipher ndiye aliyeishia kumbembeleza.

Tangu hapo hakuharakishwa tena na mtu yeyote. Upepo wetu wa Singida hukausha uso wa lipu upesi huku ndani bado ni maji, kwa hiyo Mzee hutundika magunia yaliyolowa ukutani, anayamwagilia siku kadhaa mpaka lipu ishike, kisha anayaondoa, anafungua madirisha na kungoja. Radhia wa usafi aliwahi kumuuliza, mbele ya watu, inakuwaje anamwagia maji kitu anachotaka kikauke. Mzee alimjibu kwamba hata mtoto hunyonyeshwa kwanza ndipo aachishwe. Wakunga walicheka, Radhia akabaki na ndoo yake.

Kila asubuhi, kabla hajasalimiana na mtu, huweka shavu lake ukutani, akatulia, akasikilizia ubaridi wa maji yaliyobaki ndani. Sisi wadogo tunaompa shikamoo kila siku tulianza kusema kwamba kumbe naye ana mkubwa wake anayemwamkia. Hakukasirika. Alisema ukuta haujawahi kumwitikia marahaba, ndiyo maana anarudi kesho yake.

Miaka yote hiyo bafu la wazazi lilibaki na ukuta wenye mabaka, hadi Novemba iliyopita tulipopata vigae vingine. Mzee akabomoa lipu mbovu, akapiga mpya, mvua zikaanza. Kamati yetu ya sherehe ilikuwa imepanga mgeni rasmi afungue bafu hilo leo, na Mzee apigwe picha akibandika kigae cha mwisho cha kazi yake. Alikataa. Ukuta haujakauka, akasema, na picha haimkingi mzazi mguu.

Tulipomuuliza anataka zawadi gani, tukitegemea baiskeli au godoro, aliomba jambo moja tu: akiondoka, pasibandikwe kitu pale mpaka ukuta ukauke. Tuseme ukweli, tuliitikia kwa unyonge. Kandarasi ameshatafutwa, na aliyekuwa akilipigania bafu hilo kuliko sisi sote ni Hana, mkunga mkuu, ambaye wazazi wa wodi yake wanaogea ndoo nyuma ya pazia. Mzee aliyaona macho yetu. Akaenda kuosha miko yake.

Leo asubuhi, wakati Mzee akifunga sanduku lake la vifaa, kandarasi alifika na maboksi ya vigae aliyoyatoa stoo. Hana alimwambia asubiri mlangoni. Akaingia bafuni na sare yake nyeupe, akaweka shavu ukutani, akakaa hivyo kitambo. Alitoka na vumbi la saruji usoni.

"Bado," alisema, akafunga mlango na kumwambia kandarasi ayarudishe maboksi stoo.

Ahsante sana, Mzee wetu, kwa kuta zote ulizotusimamishia. Nenda nyumbani Mungaa ukapumzike, ulale hata mchana, Mungu akupe afya na wajukuu wakutunze. Ufunguo wa bafu anao Hana.