Kofia Isiyo na Mshono

Ukishuka basi Misigiri, pale barabara ya Kiomboi inapochepuka, utaliona benchi la Simoni Spoku hata kabla vumbi halijatulia. Ni ubao mmoja mrefu juu ya mawe mawili, baiskeli zimepinduliwa pembeni, na birika la kahawa limekaa kwenye makaa. Simoni ni fundi baiskeli, lakini usimwulize anatengeneza ngapi kwa siku, maana kazi kubwa ya pale ni ubishi. Juni ile, mwaka wa pili tangu watu wahamishiwe kijiji cha ujamaa, upepo wa baridi ulikuwa unakata masikio, na ubishi wote ulihusu kofia ya kichanga.

Mwenye kofia, au tuseme mwenye nia ya kofia, alikuwa mzee Alute. Huyu alijifunza kufuma zamani, alipovunjika mguu akalazwa hospitali miezi mitano, na tangu hapo acheke anayecheka, yeye anafuma. Ila alijua kufuma bapa tu: unakwenda, unafika mwisho, unageuka, unarudi, halafu unakunja na kushona. Safari hii mshono hakuutaka. Binti yake Theresia alipokuwa mchanga, mshono wa kofia ulimchubua kisogo, mtoto akawa halali, na marehemu mama yake, Kristina, akawa anamvalisha nje ndani. Sasa Theresia naye amejifungua huko Kiomboi, wiki ya tatu hii. Alute alifumua sweta la buluu la Kristina apate uzi, na alipomaliza mkono wa kwanza alilia, ingawa hilo hakulisema benchini.

Mfano waliupata kichwani mwa Gasto, mlinzi wa ghala la pamba, ambaye wote wanamwita Lindo. Kofia yake ya sufu ilikuwa mviringo toka chini hadi juu. Waliivuta, wakaigeuza, Simoni akainusa kabisa, mshono haukuonekana.

— Sasa hii imeanzia wapi? Alute aliuliza.

Wa kwanza kujibu alikuwa Damiani. Yeye ndiye mwenye redio, kwa hiyo jina lake ni Redio, na kila analolisema eti limetangazwa. Alieleza kwamba kofia hizi hutoka kiwandani, na kiwandani kuna vichwa vya bati vinavyozunguka vyenyewe huku uzi unajikunja juu yake. Lindo akakataa. Yeye alisikia kwamba hakuna bati wala nini, ni mtu mzima anaajiriwa kukaa kwenye kiti tangu asubuhi, kofia inafumwa kichwani kwake, na akipiga chafya wanaanza upya.

— Na mshahara analipwa? Simoni aliuliza.

— Analipwa, na chakula cha mchana.

Redio hakukubali kushindwa. Alisema basi kuna kondoo wa namna yake, sufu inamwota kichwani tayari imeshikana, unaibandua tu kama ganda la yai la kuchemsha. Lindo aliivua kofia yake akaitazama kwa wasiwasi. Alute hakucheka, alikuwa anataka kujua kwelikweli.

Simoni ndiye aliyeacha maneno akashika kazi. Alikata spoku nne, akazisugua ncha kwa tupa hadi zikawa laini. Alute akapanga vitanzi sitini kwenye spoku tatu zilizokaa pembetatu, ya nne akafumia. Lakini mkono una mazoea yake. Kila alipofika alipoanzia, aligeuka akarudi, na pale alipogeukia pakabaki pengo la kupitisha kidole. Alifumua mara tatu. Redio alisema spoku za baiskeli ya kike ndizo chanzo. Lindo alisema ni upepo. Simoni alikuwa ananyoosha rimu iliyopinda, macho kwenye mikono ya Alute, mara akasimamisha gurudumu.

— Mzee, unageuka kwa nini? Mimi hapa sifiki mwisho nikageuka. Nazunguka tu.

Alute aliitazama rimu, akazitazama spoku zake. Akajaribu. Alipofika alipoanzia hakugeuka, akapitiliza kama mtu anayepita mlango wa jirani bila kubisha hodi, na pengo halikutokea. Mzunguko wa pili, wa tatu, wa kumi. Mkanda wa buluu ukaanza kushuka chini ya zile spoku, mzima. Lo, raha aliyoiona yule mzee! Simoni akammiminia kahawa bila kuombwa.

Kelele zikahamia kwenye hesabu. Lindo alisema vitanzi sitini ni vingi, arobaini vinatosha. Redio akasema aongeze vifike themanini, kwa sababu Samweli ana kichwa kikubwa na mtoto atakirithi.

Hapo mikono ya Alute ilisimama. Samweli ni mkwewe, na wote benchini walijua habari yenyewe. Ndiye kijana aliyekuja mwaka juzi na kamba ya kupimia viwanja, akapigilia kigingi katikati ya zizi la Alute, akasema kwa adabu kabisa kwamba mji huu uhame. Kisha akamwoa Theresia. Alute aliapa hatakanyaga mlango wa mtu wa kamba, na harusini hakwenda. Mjukuu alipozaliwa alituma unga kwa kondakta wa basi, na kofia nayo angeituma hivyohivyo.

Wakati huo mwanamke mmoja, Dorkas, alikuwa amesimama karibu akingoja basi la Kiomboi na kuwasikiliza, mtoto mgongoni.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu.

Aliomba kuiona ile kazi. Aliizungusha kwenye vidole, akaisifu, akasema hajawahi kuona ya hivi.

— Baba, mtoto mwenyewe kichwa chake kikoje?

Lindo akawa na shughuli na kofia yake.

— Maana kofia ya mshono ungeibana kidogo ukimaliza, Dorkas aliendelea. Hii utaibana wapi? Wa kwangu wiki ya tatu alikuwa na kichwa kidogo, wa dada yangu kikubwa. Sitini umeipata kwa nani?

Alute alijua alikoipata. Sitini ilikuwa hesabu ya kofia ya Theresia, aliyoambiwa na Kristina miaka ishirini na miwili iliyopita. Mtoto wa Kiomboi hakuwa amemwona, wala hapakuwa na mtu benchini aliyemwona, na tangu asubuhi walikuwa wanabishana juu ya kichwa chake.

Honi ya basi ikalia upande wa Singida. Simoni aliinamisha birika, likatoa machicha matupu. Alute aliviringisha uzi, akazifunga spoku na kazi yake ndani ya kitambaa, akasimama kwa ule mguu wake.

— Simoni, nikatie kipande cha kamba.

— Ya kufungia mzigo?

— Ya kupimia.

Hakuna aliyecheka, hata Redio. Simoni alikata urefu wa mkono mmoja, akasita, akaongeza kidogo. Alute aliitia mfukoni na kumpokea Dorkas kikapu chake, wakapanda basi.