Muuguzi Aliyeanza na Habari za Mbuzi

Muuguzi Rukiyo Nunow anastaafu Ijumaa, tarehe 31 Julai 1998, baada ya kuhudumia wodi yetu ya wanawake hapa Garissa kwa miaka ishirini na tisa na miezi minne. Alifika tarehe 1 Aprili 1969 kutoka Buna, na sanduku moja la bati.

Wagonjwa humwita Abayo, yaani dada, nasi tukafuata. Hamgusi mgonjwa kabla hajaketi naye mkekani, akammiminia chai, akauliza habari za mifugo, kisha mvua, kisha watoto. Ugonjwa hungoja zamu yake. Daktari Abdilatif alipolalamika kwamba foleni haisogei, alijibiwa, "Daktari, wewe ungekuwa ngamia ningeanza na wewe."

Jumanne, tarehe 9 Agosti 1994, alikuja mwanamke wa Habaswein aliyejifunika uso. Ni Kaltun, na ameridhia tumtaje. Karani wa mapokezi, ambaye ndiye anayeandika haya, alisikia sauti nzito dirishani, akaandika "mume" kwenye kadi, penye jinsia, kisha akamwita askari akidhani ni mwanamume aliyejificha ndani ya buibui. Abayo alitoka mbio, akamshika Kaltun mkono. "Rudi getini kwako," alimwambia askari. "Huyu ni mgeni wangu."

Mkekani, alipoulizwa habari za mbuzi, Kaltun alilia. Tangu Ramadhani sauti yake ilikuwa imebadilika, na mbuzi akiwaita walikimbia. Abayo akahesabu: miezi sita tu. Ndevu zilikuwa zimeota na hedhi imekatika. Nyumbani walisema ni jini, na ndugu za mumewe, Duale, walimtaka atoe talaka kabla ya Deyr, mvua za vuli. Abayo alimwandikia daktari mstari mmoja: mabadiliko ya haraka namna hii yana chanzo, tafadhali pima ovari.

Damu ilikwenda Nairobi kwa basi, ndani ya chupa ya chai yenye barafu, Abayo mwenyewe ameipakata. Homoni ya kiume ilikutwa juu mno. Tarehe 6 Septemba daktari aliondoa ovari ya kushoto, yenye uvimbe kama limau. Uvimbe huo ndio uliokuwa ukitengeneza homoni hiyo. Abayo alimketisha Duale mkekani, akamwonyesha uvimbe ndani ya chupa. "Jini wenu huyu hapa. Sasa mngojee mkeo apone, umpeleke nyumbani."

Hedhi ilirudi, ndevu zikapungua polepole, na talaka haikutoka.

Katika mafuriko ya mwaka jana Abayo alilala wodini siku kumi na moja, akilalamikia chai tu. Muuguzi Kinsi, anayeshika nafasi yake, amekwisha kukabidhiwa mkeka.

Juzi Kaltun alikuja kupimwa, akaleta na maziwa ya ngamia kwa sherehe hii. Sauti yake haikurudi yote; anasema mbuzi wameizoea. Karani aliisikia dirishani, akaandika "mke" kabla ya kuinua kichwa.

Hilo nalo umetufundisha wewe, Abayo. Ahsante. Mwenyezi Mungu akujalie afya na mapumziko mema, na huko Buna wakuulize habari zako kwanza, mifugo baadaye.