Stenlesi Iliyomo Pajani

Benchi letu ni ubao uliolazwa juu ya matofali, mbele ya duka la vipuri lililofungwa siku nyingi. Mimi ndiye mwenye birika la kahawa. Kila alasiri wanakaa walewale: Cheche, anayechomelea mageti ng'ambo ya barabara, Makali, mwenye bucha, na Sindano, fundi cherehani, mtu mpole asiyependa kubishana. Siku hiyo Sindano alikuja na mfuko unaolia kwa ndani. Akaumimina ubaoni: kijiko, kisu cha jikoni, kifuniko cha sufuria, na ile sumaku anayookotea pini zikianguka chini ya cherehani.

Tulidhani ameanza kuuza vyombo. Hakucheka. Akatueleza kwamba mkewe ana miezi mitano anaumwa kichwa upande mmoja, na sasa mkono wa kushoto unaangusha vikombe. Daktari ameagiza apigwe picha ya ubongo kwa ile mashine yenye sumaku kubwa. Zamu yake ni kesho asubuhi. Na huyo mama, miaka kumi na tisa iliyopita, aligongwa na gari akavunjika paja, mfupa ukafungwa kwa chuma. Chuma kimo mpaka leo.

— Chuma gani? akauliza Cheche.

— Waliniambia stenlesi. Isiyoshika kutu.

— Stenlesi ni ukoo, fundi. Si mtu mmoja.

Cheche akachukua sumaku, akawa mwalimu. Aliigusisha kwenye kisu, ikang'ang'ania. Hiki, akasema, ni cha jamii inayopikwa motoni ikakomaa, ndiyo maana kinashika makali. Lakini kiache kimelowa uone kama hakitatoka madoa. Kijiko nacho kikavutwa. Hiki ni cha jamii ya bei rahisi, haina madini ya nikeli, hata ukiipika haikomai. Kifuniko hakikushtuka. Hicho kina nikeli, na kina ndugu yake aliyeongezewa madini ya kupambana na chumvi. Huyo ndugu ndiye anayewekwa mwilini, kwa sababu damu ina chumvi.

Sindano akashusha pumzi.

— Kwa hiyo hakivutwi.

— Kwa kawaida, Cheche akasema.

Angeishia hapo tungekunywa kahawa kwa amani. Lakini Cheche ni fundi, hawezi kuficha kasoro ya kazi. Akaongeza kwamba hata aina ile ya kifuniko, ukiikunja ikiwa baridi, penye mkunjo huanza kuvutwa kidogo. Sindano akaweka kikombe chini. Alikumbuka daktari wa wakati ule akimwambia kwamba walikikunja chuma kidogo kifuate umbo la mfupa.

Makali ndipo alipopata nafasi.

— Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Hicho kilikunjwa kikavu. Hakina adabu.

Akaendelea bila kuombwa. Nani aliyekipima miaka hiyo? Huenda ni visu vilivyoyeyushwa. Mashine ikiwashwa kitageuka ndani ya nyama kama mshale wa dira, mguu uondoke na kitanda. Kikulacho ki nguoni mwako, akasema, na cha shemeji yetu kimepita nguo. Cheche alimkatalia, kisha naye akauliza polepole kama skrubu zilizokishika chuma zilikuwa za ukoo uleule. Hata mimi niliyekuwa namimina kahawa nikaweka birika chini.

Sindano alikuwa anaigeuzageuza sumaku. Akasema jana mchana, mkewe alipopitiwa na usingizi, alimwekea pajani taratibu kama mtu anayepima homa. Haikushika. Ila hajui kama ni chuma hakivutwi au ni nyama nene. Kisha, bila kumtazama mtu, akatoa lililomleta.

— Fomu nilijaza mimi. Waliuliza kama mgonjwa ana chuma mwilini. Nikaandika hapana.

Tulisubiri aeleze. Akasema wameingoja zamu hiyo wiki tisa. Aliogopa akiandika ndiyo watarudishwa nyumbani, na kichwa hakingoji.

Cheche alifuta mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na kitu. Makali akasema kimya kina mshindo mkuu, kwa hiyo bora Sindano anyamaze vilevile.

Pembeni alikuwa amesimama mama mmoja msusi, aliyehamia mtaani juzi tu, akingoja nimjazie kahawa kwenye chupa yake ya chai. Tulikuwa tumemsahau.

— Samahani, baba. Na yeye mwenyewe anajua kwamba uliandika hapana?

Cheche akaangalia barabara. Makali akaangalia kikombe chake. Sindano akainuka akaenda zake, vyombo akaviacha ubaoni.

Yaliyofuata alitusimulia mwenyewe. Alimkuta mkewe anakata vitunguu, akamwambia yote mlangoni, hata habari ya sumaku. Mama aliweka kisu chini, akaepua maji yaliyokuwa yanachemka jikoni.

— Miaka kumi na tisa mguu huu naubeba mimi, akasema. Ungeniuliza tu.

Asubuhi mama alifika mapokezi akasema ana chuma. Kweli hawakumpiga picha siku ile. Walimtuma kwenye hospitali iliyomfunga mfupa, jalada likatafutwa siku nne, likapatikana limeliwa na mende pembeni. Aina ya chuma ilisomeka, na ya skrubu pia. Wenye mashine wakapitisha, akaingia wiki iliyofuata. Sindano anasema dakika zile arobaini alizihesabu kwa vigae vya ukutani. Mama alitoka kwa miguu yake. Walichokiona kichwani kinatibika, ingawa safari ni ndefu.

Sasa wakienda kliniki Sindano hubeba mkoba. Fomu anajaza mama.