Madonge ya Bundi Kwenye Ungo wa Mama

Shikamooni wazee wangu. Wenzangu, habari za mchana. Mwenyekiti wa kikundi hiki aliniomba nisimame kule mbele kwenye meza, nikamwambia hapana, hapa karibu na mlango panatosha. Nichekeni tu. Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu utotoni, na kwa yaliyonipata mwaka jana, kila nikiingia mahali naangalia kwanza mlango uko wapi. Sauti ikitetemeka msidhani naumwa.

Wengi hapa Nyahanga mnaniita Dada Ndege, lakini najua hamjui hasa nafanya nini. Hata mama yangu akiulizwa husema, "Anaandika ndege," basi, kamaliza. Kazi yangu ni hivi. Wapo watu wanaochunguza ndege kitaalamu: wanakula nini, wanataga wapi, kwa nini msimu huu wamekuja makundi kwa makundi na msimu uliopita hawakuonekana. Matokeo yao wanayaandika kwa Kiingereza kigumu chenye majedwali. Mimi nawatafuta, nawauliza mpaka wanachoka na mimi, halafu naandika kwa Kiswahili ili mwenye jaruba la mpunga aelewe. Hakuna gazeti lililoniajiri. Naandika, natuma, nasubiri. Mhariri anakaa kimya mpaka naanza kujiuliza nimekosea nini, halafu siku moja anapiga simu: "Dada, ndege tena?" Ndiyo, kaka, ndege tena.

Kutazamwa vibaya nimezoea. Ukisimama na darubini karibu na machimbo, nani ataamini kwamba unatazama ndege? Kule upande wa Geita vijana waliwahi kunizunguka, wakitaka niwaonyeshe dhahabu niliyoiona iko wapi. Nikawaonyesha kigong'ota anayetoboa mti mkavu. Wakapokezana darubini, wakacheka, wakaniacha niende zangu. Nilidhani kazi yangu haina hatari kubwa kuliko hiyo.

Baba alipofariki nikamchukua mama kutoka kijijini, upande wa Songwa, akaja kukaa nami Nyasubi kwenye nyumba ya kupanga. Nyumba zenyewe mnazijua: vyumba vingi, uwanja mmoja, bomba moja, na kila mtu anajua mwenzake leo kapika nini. Mama alikuja na kanga zake, chungu na ungo wake. Alikuja na macho yake pia. Ndugu zangu, mama yangu amepikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe maisha yake yote, kwenye jiko lisilo na dirisha. Macho yake ni mekundu. Naona wengine mmeinamisha vichwa. Sote tumezaliwa huku, na sote tumewahi kusikia habari ya bibi fulani, kijiji fulani, aliyekuwa na macho mekundu, akaitwa mchawi, na yaliyompata. Mimi hofu hiyo ilinishika tangu mama aliposhuka kwenye basi. Nilimnunulia miwani ya jua. Akaivaa siku moja, akanirudishia, eti haoni sufuria iko wapi.

Lakini mambo yakaenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Watoto wa pale uwanjani walimzoea upesi. Asubuhi walipita mlangoni kwetu, "Shikamoo bibi, shikamoo bibi," naye anaitikia mmoja mmoja, "Marahaba, ng'wanone, marahaba mwanangu." Hachoki. Ukimwamkia ukiwa na haraka, atakusubirisha mpaka akuulize umelalaje. Jioni kina mama walitandika mikeka, wakachambua mchele pamoja, na yeye akiwa katikati yao na ungo wake. Nikaanza kupumua.

Ndipo nikapata kazi ya bundi. Mtafiti mmoja alikuwa anawachunguza bundi walioweka makao kwenye kinu cha pamba kilichofungwa zamani. Alitaka kujua kama wanapunguza panya wanaomaliza nafaka za watu. Bundi, ndugu zangu, anammeza panya mzima mzima. Nyama inasagika, lakini mifupa, meno na manyoya vinabaki, vinajikusanya tumboni, kisha anavitema kama donge. Ukilifungua lile donge unajua alikula nini. Nilifurahi sana. Mhariri naye, kwa mara ya kwanza, alisema, "Hiyo nzuri, iharakishe." Mtafiti akanipa madonge kadhaa nikayapige picha.

Yalikuwa na unyevu kidogo. Yakahitaji kuanikwa. Nikatazama huku na huku chumbani, nikaona ungo wa mama.

Eh, cheka mama uliyekaa hapo nyuma, cheka. Mimi nilisoma mpaka chuo, nimezaliwa hapa hapa, najua watu wanasema nani husafiri na ungo na kwa shughuli gani. Lakini kichwani mwangu siku hiyo kulikuwa na picha na mhariri tu. Nikayapanga madonge ya bundi kwenye ungo wa bibi kizee mwenye macho mekundu, nikauweka juani nyuma ya nyumba.

Aliyeuona wa kwanza ni jirani yangu wa mlango unaotazamana na wetu. Jina lake silitaji. Mume wake ni mchimbaji kule machimboni upande wa Geita, na alikuwa hapatikani kwenye simu tangu wiki ile ianze. Asubuhi hiyo hiyo mtu alikuwa ameleta habari nusu nusu kwamba kuna duara, shimo la kuchimbia dhahabu, limetitia na watu wamefunikwa na kifusi. Duara gani, watu gani, hakujua. Basi mwanamke huyo, roho iko mkononi, anazunguka nyuma ya nyumba kuanua nguo, anakutana na ungo wenye vifurushi vya manyoya, na katika kimoja kumechomoza mfupa.

Alipiga yowe mpaka watu wa barabarani wakaingia.

Nikatoka mbio kueleza. Nikawaambia kwa sauti ya kitaalamu kabisa, "Jamani tulieni, hivi ni vya bundi tu!" Mtu mmoja akasema, "Kwa hiyo anakiri." Kila nilivyozidi kueleza, nilizidi kuzama. Panya, mtafiti, gazeti, hakuna aliyesikia. Walikuwa wanamtazama mama, aliyesimama mlangoni akiuliza, "Kuna msiba?"

Kuanzia siku hiyo watoto waliacha kumwamkia. Hakuna aliyetukana, hakuna aliyetupa jiwe. Walikuwa wakipita mlangoni kwetu kimya, wengine wakivutwa mkono na mama zao, na mama yangu ameketi pale kwenye kigoda anasubiri. Bombani nikifika, mazungumzo yanakatika. Nikasikia wanataka kwenda kwa mganga apige ramli, na huko kwenye ramli mnajua jina hutajwa. Mama mwenye nyumba akaniita pembeni. Hakuwa mkali, afadhali angekuwa mkali. Aliniambia, "Mwanangu, mpeleke mama yako mahali. Mimi watu hawa siwawezi wakianza."

Nawaambia ukweli wangu, nilivunjika. Ungo niliusukuma chini ya kitanda na madonge yake. Nikamwambia mama asitoke, kuna homa inazunguka mjini. Nikawa nafunga mlango kwa komeo mchana kweupe. Viatu vikisugua changarawe uwanjani, nainuka kukagua komeo. Nikikaa kuandika, vidole viko juu ya herufi na mimi nasikiliza mlango. Mhariri akauliza makala iko wapi, nikamjibu aachane nayo. Akauliza kuna nini, nikasema hakuna kitu. Nikamwomba hata makala yangu nyingine aliyokuwa nayo aitoe bila jina. Nilitaka kufutika, mtu asijue kama niliwahi kuandika neno bundi.

Na mama ananiuliza, "Ng'wanone, mbona hakuna anayeniamkia? Nimewakosea nini?"

Nilishindwa kuendelea kumdanganya. Nikamweleza yote, nimepiga magoti, namwaga machozi kwenye kanga yake. Nikamwambia kesho tunaondoka, tunarudi kijijini. Akasema, "Habari hii itatangulia kufika. Huko watanisubiri nayo." Nikajua amesema kweli, na hapo ndipo niliogopa kuliko siku zote, maana sikuwa tena na mahali pa kumpeleka.

Asubuhi nilikuwa nafunga mizigo. Nageuka, mama hayupo, na chini ya kitanda hakuna ungo.

Alikuwa uwanjani. Ametandika mkeka pale pale wanapochambulia mchele, ameketi na miguu kainyoosha mbele, ungo uko mapajani na yale madonge juu yake. Watu wamejaa milangoni. Nilitaka nikambebe kama mtoto nirudi naye ndani, lakini nilibaki pale mlangoni. Yeye akainua uso, yale macho yake yote mawili wazi mbele ya watu, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba chumvi:

"Jamani, mnisaidie kuchambua. Macho yangu hayaoni vizuri."

Hakuna aliyesogea. Nilihesabu nimempoteza mama.

Halafu jirani yangu akatoka. Alikuwa amekonda, nywele hazijachanwa. Akaja akasimama juu ya mkeka, akamwambia mama, "Kama mume wangu umemweka humo, nataka nimwone."

Mama akasogea, akampa nafasi. "Kaa, binti yangu. Tumtafute."

Akakaa. Wakachukua donge la kwanza, mama akalimwagia maji kidogo, wakaanza kulitenganisha kwa vidole, taratibu, vile vile wanavyotoa mawe kwenye mchele. Manyoya huku. Mifupa huku. Jirani akatoa kifuvu kidogo chenye meno mawili marefu ya mbele, akakitazama. "Huyu ni panya," akasema. "Panya gete, panya kweli," mama akajibu. Wakachukua lingine. Panya. Lingine, panya na mdomo wa ndege mdogo. Mwanamke mwingine akasogea, akachuchumaa. Mama mwenye nyumba akaleta kikombe cha maji. Ungo ukawa umezungukwa na mikono, na mtu mmoja akasema, "Kumbe ndiye anayekula panya, na sisi tunamfukuza!" Wengine wakacheka kidogo, cheko la kuogopa ogopa. Jirani yangu hakucheka. Aliendelea mpaka donge la mwisho, akalichambua lote, akakaa anatazama vile vimifupa.

"Hayumo," akasema.

"Hayumo," mama akamwambia. "Haya, sasa tumtafute aliko." Akanigeukia mimi niliyekuwa nimeganda mlangoni. "Wewe si kazi yako kuuliza watu? Muulizie mwenzako mume wake."

Wapendwa, nilihisi aibu mpaka miguuni. Siku zote zile nilikuwa najitetea tu. Panya, bundi, mtafiti, gazeti. Sikuwahi kumwambia yule mwanamke, "Pole. Mumeo anaitwa nani? Alikuwa duara gani?" Na mimi ndiye mtu pekee pale uwanjani ambaye kazi yake ni kupigia simu watu asiowajua mpaka apate ukweli. Nilikuwa namwogopa, kumbe na yeye anaogopa zaidi yangu.

Nikaketi kwenye mkeka na simu. Nikampigia mtangazaji mmoja wa redio, akanipa mtu wa machimboni, yule akanipa mwingine. Wale vijana wa kigong'ota, mnawakumbuka? Mmoja wao namba yake nilikuwa nayo bado. "Dada wa darubini!" akasema, na akazunguka maduara yote kuuliza. Mchana wote tulikuwa hapo, simu ikiishiwa chaji naletewa nyingine. Hatimaye tukampata muuguzi wa kituo kimoja cha afya. Akamshikisha simu mtu.

Nikampa jirani. Aliposikia ile sauti, alilala kifudifudi kwenye mkeka, akalia pale pale katikati ya mifupa ya panya. Mguu umevunjika na simu yake imebaki chini ya kifusi, lakini yu hai. Baadhi ya wenzake hawakutoka. Naomba tuwakumbuke na wao.

Jirani alipoinuka, kabla hajafuta machozi, alimwambia mama, "Shikamoo mama." Mama akaitikia kwa kirefu, kama kawaida yake, akamuuliza na amelalaje. Mchana kweupe!

Sisemi hofu imekwisha. Wapo pale Nyasubi ambao mpaka leo wakimwona mama wanabadilisha njia, na mimi mlangoni bado natazama. Lakini komeo nimeliacha. Makala niliiandika, ikatoka, na jina langu nilimwambia mhariri aliweke pale juu, lote.

Nawashukuru. Mama mwenye nyumba, kikombe kile cha maji sitakisahau. Wale vijana wa machimboni, wabeja sana, asanteni. Ninyi wa kikundi hiki mliokuja kukaa na sisi wiki ile ya kwanza baada ya siku ya mkeka, mkanywa chai mlangoni kwetu ili watu waone mnakunywa chai mlangoni kwetu, Mungu awalipe. Na jirani yangu, ambaye yumo humu ndani na nimeahidi sitamtaja, asante kwa kukaa kwenye ule mkeka. Ulikuwa unaogopa, na ulikaa.

Nilichojifunza ni kidogo. Mtu akikuogopa, usikimbilie kumweleza wewe ni nani. Muulize yeye amepotelewa na nini, uketi naye mtafute.

Nimemaliza, miguu imechoka kutetemeka. Mama yangu ndiye yule pale, benchi la dirishani, mwenye kanga ya njano. Hakuvaa miwani. Mkitoka, msipitie mlango huu wangu, pitieni mlango wa kule kwake, mumtazame machoni na mumwamkie. Mmoja mmoja, tafadhali. Anapenda kuitikia.